Sikupima Maji Matupu

Nina kosa, na silileti hapa ili nijitetee. Nimejitetea kichwani mwangu miaka na miaka, kesi nasikiliza mwenyewe, hukumu natoa mwenyewe, na bado nashindwa. Nilimsingizia mama wa watu, mama aliyenilisha, kisha nilipojua kwamba nimemsingizia nikafunga mdomo. La kwanza lilikuwa ajali. La pili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Jina langu naomba lisiandikwe. Ya wengine nimeyabadilisha. Unitukane utakavyo, lakini nisome mpaka mwisho, nakuomba, maana kuna mtu mmoja namtafuta humu.

Mimi ni mtoto wa Dodoma mjini, nyumba ya Kiislamu, ukoo wa wafanyabiashara tangu enzi za misafara. Kwetu kila mtu ana duka, au ameolewa na mwenye duka. Mimi nikaenda kusoma kemia. Marehemu baba alikuwa akiwaambia wateja wake, "Huyu wangu anachanganya madawa," wao wakidhani nauza panadol, nami nikachoka kusahihisha. Wazazi walipofariki, kaka zangu wakahamia Dar, mume sikupata, nikabaki na chumba na sebule pale Nkuhungu. Redio nilikuwa naiwasha nikiamka na kuizima nikilala, si kwamba naisikiliza, basi tu nyumba iwe na sauti ya mtu.

Sasa kazi yenyewe, pale maabara ya chuo. Usikimbie, nitaieleza kwa ufupi.

Kuna madini meusi yanaitwa kinywe, ndiyo hayo yaliyomo kwenye kalamu ya risasi. Ukiyachambua sana unapata utando mwembamba kupita kiasi, unaitwa grafini, na umeme unapita humo bila shida. Nilikuwa naloweka kinywe kwenye asidi, nakiosha kutwa nzima mpaka maji yatoke safi, kisha ule weusi naupaka kwenye vipande vya plastiki vyembamba kama njiti ya kiberiti. Juu yake naweka kimeng'enya. Kimeng'enya kinatokana na mwili wa kiumbe, kinafanya kazi kikiwa kizima, na joto likikizidi kinakufa. Dawa ya wadudu nayo inakiua hicho hicho. Basi unadondosha tone la maji ya zabibu juu ya kipande. Kimeng'enya kikiwa hai, mstari kwenye mashine unapanda. Kikifa, mstari unalala, nawe unasema, hapa pana dawa.

Umeona tatizo lilipo? Kikifa kwa joto, mstari unalala vile vile. Mashine haijui kimeuawa na nini. Ndiyo maana tuna sheria moja, na haina msamaha: kila unapofungua kopo jipya la vipande, kipande cha kwanza unakipima na maji matupu. Maji safi, hayana zabibu, hayana dawa. Mstari ukipanda, kopo ni zima, endelea na kazi. Ukilala, tupa kopo lote. Sheria hiyo nilikuwa nawaimbia wanafunzi asubuhi na jioni mpaka wakaniita Dada Maji Matupu. Nikipita wanacheka chini chini. Nilijidai kwa jina hilo, wallahi nilijidai!

Ilikuwa miaka ile baada ya ubinafsishaji, mtakumbuka. Ushirika umekufa, kila mwenye chumba cha mbele kafungua duka la pembejeo, dawa za wadudu zinapimwa kwa kifuniko na kutiwa kwenye chupa za soda, hazina maelezo wala jina. Mkulima anaambiwa tu, "Hii kali, mzee, hata nzi hatui." Ndipo profesa mmoja, msimamizi wangu, akapata wazo la kutengeneza kipimo kidogo cha kubeba, mkulima apimiwe zabibu zake shambani kwake. Kazi ya mikono akaniachia mimi. Nikaenda Hombolo kutafuta zabibu za kujaribia.

Hombolo walinitazama kwa jicho la pembeni. Mwanamke wa mjini, mtandio, sanduku la vyuma, anataka zabibu lakini hanunui! Wakaniambia niende kwa mwenyekiti wa kikundi chao cha wakulima. Nitamwita Mama Lameck.

"Mbukwa," akanisalimia Kigogo, halafu akanigeukia kwa Kiswahili kabla sijajikanyaga. "Karibu mwanangu. Mbona umekonda hivi? Huko mnakopima wenzenu, nyie hamli?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Utapima ukishakula."

Nikala ugali wa uwele na mlenda wa karanga, mimi niliyekuwa nimezoea chai na andazi la dukani mchana na usiku. Alipoona vidole vyangu, vyeusi kwa kinywe, alicheka mpaka akashika ubavu. "Jamani! Umesoma miaka yote hiyo uje kuwa mchoma mkaa?"

Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilikuwa Hombolo. Kazi haikunihitaji huko kila Jumamosi, nasema ukweli. Nilikuwa nafuata kusikia mtu akiniuliza nimekula. Eid moja nilipika pilau Nkuhungu, nikalibeba sufuria zima mpaka kwake, Mkristo wa watu, tukala Eid yetu chini ya turubai tukiwa watatu.

Wa tatu ni Lameck, mwanawe wa pekee. Kijana mkubwa, ishirini na kitu, mikono ya kazi, ulimi usiokaa kimya. Alikuwa akinitania, "Dada, hiyo mashine yako ikishindwa kazi tutaifanya redio." Yeye na mama yake walikuwa wakibishana jambo moja tu, dawa. Wadudu walikuwa wanawasumbua, Lameck akitaka wapige dawa kama wenzao wa ng'ambo ya bwawa la Hombolo. Mama hataki kusikia. Alishawahi kupoteza ndama aliyelamba chupa ya dawa, na tena yeye ndiye aliyewashawishi wenzake kikundi kizima walime bila dawa, kwa sababu kulikuwa na mnunuzi anataka zabibu za namna hiyo. Sheria ya kikundi aliitunga mwenyewe: atakayekutwa na dawa, anatoka.

Wiki chache kabla ya mavuno Lameck alirudi kutoka mjini na chupa ya dawa. Mama akamnyang'anya, akaifukia nyuma ya zizi, nami nipo naona. Lameck alinuna siku mbili, kisha yakaisha. Nakutajia chupa hii kwa sababu itarudi.

Ikafika siku ya kuonyesha kipimo. Alhamisi, mwezi wa tisa, upepo na vumbi, jua kama limeshushwa karibu. Wakaja wageni: mnunuzi, profesa, na watu wawili kutoka nje waliokuwa wanatoa nafasi za masomo. Moja ya nafasi hizo ilikuwa yangu, ilibaki wao kuridhika. Wakulima sita wa kikundi walileta zabibu zao, wamevaa nguo za kanisani.

Nilikuwa na makopo mawili ya vipande kwenye sanduku la barafu. Kabla hatujaondoka mjini, profesa akanivuta pembeni.

"Soda zimewekwa wapi?"

"Nyuma ya gari, profesa."

"Wageni wanywe soda za moto? Tutaonekana washamba. Zitie kwenye barafu."

Sanduku lilikuwa dogo. Nikatoa kopo moja, nikaliweka mbele ya gari, pale juu karibu na kioo, nikajiambia nitalirudisha soda zikishapoa. Sikulirudisha. Nikalisahau pale mpaka Hombolo, jua linapiga kioo, na tulipofika tukasalimiana saa nzima gari limefungwa vioo.

Basi, ndiyo hivyo. Nilipoteza mtu wangu wa pekee duniani kwa sababu ya fanta.

Nikapanga meza kwenye kibanda cha kikundi. Kopo la kwanza, lile lililokaa kwenye barafu, nikalipima na maji matupu mbele ya watu wote, kwa mbwembwe, nikawaeleza maana yake. Mstari ukapanda. Nikapima zabibu za mkulima wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Mpaka wa tano, safi. Makofi. Lakini niliona wageni wale wa nje wameanza kutazama saa. Mmoja akamuuliza profesa kitu kwa sauti ya chini, profesa akatabasamu kwa shida. Nilielewa. Kipimo kinachosema safi, safi, safi, mtu atajuaje kama kinafanya kazi?

Kopo la kwanza likaisha. Amebaki Mama Lameck. Mwanafunzi wangu mmoja akaenda kwenye gari akaniletea kopo la pili.

Kopo lilikuwa na joto. Mkono wangu ulihisi, siwezi kusema haukuhisi. Lakini kila kitu Hombolo siku ile kilikuwa na joto, meza, kiti, hata kalamu. Kopo lilikuwa na vipande vitano tu. Watu wamechoka, profesa ananitolea macho. Nikajiambia, maji matupu nimeshapima leo, inatosha. Mimi, Dada Maji Matupu!

Nikadondosha tone la zabibu za Mama Lameck. Mstari ukalala.

 Nikarudia kipande cha pili, ukalala. Cha tatu, ukalala. Mara tatu! Wageni wakasogea karibu, uchovu umewatoka, mmoja anapiga picha mstari wangu. Profesa akanishika bega kwa furaha. Kipimo kimekamata mtu.

Mama Lameck alinitazama mimi, hakutazama mashine. "Mwanangu, hiyo ina uhakika?"

Nikamjibu, na maneno haya nimeyasikia kila siku tangu hapo, "Mama, mashine haidanganyi."

Ndipo Lameck akainuka. Akachukua kichala cha zabibu pale pale mezani, kichala kikubwa, hakijaoshwa, vumbi juu yake. Akakila chote, punje moja baada ya nyingine, na kokwa zake, mbele yetu sote.  Alipomaliza akatupa kikonyo chini akasema, "Sijapiga dawa. Mama hajapiga dawa. Kama ipo, nife leo mnione."

Halafu akaniangalia mimi. Nilijua anataka nini. Anataka mtu aliyekula naye Eid aseme neno moja. Nami nikafungua mdomo nikasema kisomi, wageni wasikie, "Kiasi hicho cha dawa hakiwezi kumdhuru mtu papo hapo. Kula kichala hakuthibitishi chochote."

Ni kweli kikemia. Lakini ingekuwa afadhali ningekuwa bubu.

Mnunuzi akachukua za wale watano. Kikundi kikakaa dakika chache tu, mama akavuliwa uenyekiti kwa sheria yake mwenyewe, na akaondoka akiwa amebeba kapu lake kichwani. Wageni wakanywa soda. Zilikuwa za baridi.

Jioni nikarudi maabara kusafisha vyombo. Nilikuwa na furaha, usidhani! Nafasi nimeshahakikishiwa garini. Nikaliona lile kopo, vipande viwili vimebaki. Nikakumbuka joto lake mkononi. Nikasema ngoja nipime tu maji matupu, moyo utulie.

Mstari ukalala. Maji ya kunywa, safi kabisa, kutoka kwenye chupa yangu mwenyewe, na mstari umelala kama wa Mama Lameck. Nikapima cha mwisho. Ukalala.

Nilikaa chini kwenye sakafu, nakumbuka baridi ya sakafu ile. Vipande vilikuwa vimekufa kwa jua. Zabibu za mama hazikuwa na kitu. Nilijua, ndugu msomaji. Alhamisi ile ile, kabla ya magharibi, nilijua.

Gari la Hombolo huondoka asubuhi na mchana. Ijumaa ningeweza kwenda. Nikasema ni siku ya sala, nikaenda kusali, nikamwomba Mungu anipe ujasiri kana kwamba ujasiri unashushwa kwa kamba. Jumamosi, siku yangu ya Hombolo, nikafua. Nilifua hata mapazia. Jumapili nikajiambia nikisema sasa nafasi inakwenda, profesa anaaibika, kipimo chenyewe kinakufa na wakulima wengi watakosa faida. Umeona nilivyojua kujipamba? Wakulima wengi! Nilikuwa najiwazia mimi na ndege yangu.

Wiki iliyofuata nikakutana sokoni na jirani yake, mama anayeleta mboga mjini. Nikamuuliza habari za Hombolo kwa uoga.

"Hujasikia? Mwenzio kamfukuza Lameck."

"Kamfukuza kwa nini?"

"Si ile dawa! Mama anajua yeye hakupiga. Sasa nani mwingine? Na ile chupa tena. Kaenda kufukua nyuma ya zizi hakuiona, watoto walishachukua au mbwa, nani ajuaye. Akamwambia mwanawe, usilale tena nyumba hii mpaka useme ukweli. Kijana akamjibu, ukweli nimeshausema, mama. Kachukua begi kaondoka."

 Mimi nilifikiri nimemkosesha mama mnunuzi na cheo. Kumbe kauli yangu ilikuwa imeingia mpaka ndani ya nyumba. Alikuwa na mashine upande mmoja na mwanawe upande mwingine, na mimi, aliyekuwa akiniamini, nilishamwambia ipi haidanganyi.

Na bado sikusema. Nikamuaga yule mama wa mboga, nikaenda kupanga begi langu.

Huko nje nilikaa miaka minne na nusu. Nilifanya kazi vizuri, watanisifu wakiulizwa. Mchoro wa siku ile ya Hombolo niliuweka kwenye andiko langu, mistari mitano imepanda na wa sita umelala, chini yake nimeandika kwa lugha yao kwamba kipimo kilibaini shamba moja lenye dawa. Waliosoma waliupenda mchoro huo kuliko yote. Kila waliponipongeza nilimuona Lameck akitupa kikonyo.

Upweke wa kule sitaki kuusema sana. Nilikuwa na simu isiyolia. Sikukuu nilikuwa napika pilau la mtu mmoja kwenye kisufuria kama cha mtoto, na nusu namwaga. Wenzangu walinialika mara mbili tatu, nikakataa, wakaacha. Mtu akinionyesha wema mimi nilikuwa najiuliza, na wewe nitakufanyia nini?

Nikarudi na shahada yangu, Nkuhungu ile ile, redio ile ile. Nilikaa miezi kabla sijapanda gari kwenda Hombolo. Nilipofika kwenye shamba la Mama Lameck nikakuta mizabibu ya mtu mwingine. Aliuza, wakaniambia, akahamia Kibakwe kwa dada yake. Na Lameck? Wakanyanyua mabega. Mmoja alisikia yuko machimboni, mwingine alisikia anapakia malori. Namba yake ya simu iliacha kupatikana siku nyingi.

Nikaenda Kibakwe. Milima, baridi ya asubuhi, mashamba ya maharage. Nikauliza Mama Lameck, hakuna anayemjua. Nikaeleza sura yake, bibi mmoja akasema, "Ooh, Bibi Hombolo! Sisi huyo hatumuiti jina la mtoto. Alikataa."

Nilimkuta amekaa uani anapeta maharage. Kazeeka. Hakushtuka kuniona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akaendelea kupeta. Nikakaa chini bila kukaribishwa nikamweleza yote, kopo, soda, kioo cha gari, maji matupu. Nilikuwa nalia, ananitazama kama anayemtazama mtu anayeongea lugha nyingine. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo Lameck hakupiga dawa."

"Hakupiga, mama."

"Zabibu zangu zilikuwa safi."

"Zilikuwa safi."

"Na wewe haya uliyajua lini?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema mwaka jana, ningesema kule Ulaya. Angeniamini, siku zote aliniamini.

"Jioni ile ile, mama."

 Midomo yake ilikuwa inahesabu siku, niliiona. Kisha akasema polepole, "Mimi nilimfukuza Jumapili."

Hakunipiga, hakunitukana. Laiti angenitukana! Alichukua ungo akaanza tena kupeta, maharage yanaruka chini na yeye hayaokoti. Mchana ukafika, nikasikia dada yake akisonga ugali ndani, harufu ya mboga ikaja mpaka nilipokaa. Mama huyu, aliyenilisha kabla ya kuniuliza jina, siku ile hakuniambia nile. Nikajua nimefika mwisho.

Nilipoinuka niondoke ndipo akaniita. "Wewe ndiye uliyesoma. Mtafute. Ukimpata usimwambie habari za mashine, hazina maana. Mwambie nilichokuagiza." Akanipa maneno yake. Nitayaandika chini.

Nikarudi Hombolo nikasimama mbele ya kikundi, waliobaki wanne, nikakiri. Mmoja alitoka nje kabla sijamaliza. Nikamwandikia profesa, akanijibu mstari mmoja, kwamba yaliyopita tuyaache. Sikuyaacha, niliwaandikia na wale wa nje waufute ule mchoro. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Sawa tu. Nimekwenda machimbo matatu, nimesimama kwenye maegesho ya malori Dodoma na Singida nikiuliza kijana wa Kigogo mwenye maneno mengi. Wananicheka, wananiuliza kama ni mume wangu.

Kwa hiyo wewe unayepima chochote, damu ya mgonjwa, maziwa, udongo, mizani ya sokoni, nakusihi: pima kwanza kisichokuwa na kitu. Kila kopo, hata kama wageni wamesimama. Na ukikosea, jamani, panda gari asubuhi hiyo hiyo. Usiende kufua mapazia. Siku tatu ni nyingi mno kwa nyumba ya watu.

Na sasa wewe. Jina lako si Lameck, lakini utajijua, kwa sababu hakuna mwingine aliyekula kichala kizima na vumbi lake mbele ya mnunuzi, mwezi wa tisa, akasema afe leo tumuone. Hukufa. Ulikuwa unasema kweli na mimi nilijua jioni ile. Mama yako yuko hai, yuko Kibakwe kwa mama yako mkubwa, nyumba ya juu karibu na kisima. Mimi usinisamehe, sikuombi hilo. Yeye ameniagiza nikwambie hivi, na sijaongeza neno:

"Mwanangu, ukweli ulishausema. Njoo ulale nyumbani."